Mwaka Aliouandika Nyanchama

Ijumaa ilikuwa siku ya maharagwe. Nyanchama aliyaloweka tangu jana yake, akayabandika asubuhi, na kabla ya saa sita nyumba yao ya Glenwood ilinukia kitunguu na dania mpaka ngazini. Jirani wa juu, mzee wa Kihindi aliyeishi peke yake, aliwahi kugonga mlango akauliza kama kuna harusi. Tangu siku hiyo naye alikuwa na sahani yake.

Mumewe, Crispus, alikuwa ameshavaa shati jeupe na tai, na kifuani kibao cheusi chenye jina la Kanisa na chini yake: Mzee Momanyi. Nyanchama naye alikuwa na chake: Dada Momanyi. Walipofika Durban mara ya kwanza wanafunzi walivicheka sana vibao hivyo, kwa sababu wamisionari wavulana wa Kanisa lao, hata aliyetoka shule juzi, nao huitwa Mzee.

"Huyu sasa ndiye Mzee wa kweli," Jebet, mmoja wa wanafunzi hao, alisema siku hiyo, akimwonyesha Crispus na mvi zake. "Wale wengine ni feki."

"Waheshimu wazee wenzangu," Crispus akamjibu. "Mmoja wao ameanza kunyoa ndevu mwezi jana."

Kazi yao ilikuwa hiyo tu, kuwa wazazi wa watoto wa watu. Walikuwa wamestaafu kule Kisii, Crispus fundi wa umeme, Nyanchama muuguzi wa wodi ya akina mama, na badala ya kukaa wakilea kuku wakaomba kutumwa misheni. Watoto wao wazima walifikiri wamechanganyikiwa. Kanisa likawaleta Durban kuwahudumia vijana wanaosoma vyuoni. Asubuhi walisoma maandiko pamoja, wakaenda sokoni, wakamtembelea aliyeumwa, wakampeleka mwingine kliniki. Jioni walifundisha darasa katika chumba cha ghorofani nyuma ya kanisa. Sheria ya misheni haikuwaruhusu kuachana. Alikokwenda mmoja, mwenzake alikuwa nyuma yake. Nyanchama alisema katika ndoa yao yote hakuwahi kumwona Crispus sana namna hii. Crispus alisema hata jela mtu huwekwa chumba chake mara moja moja.

Vijana walikuja kula, kuchaji simu, kulala kwenye kochi kabla ya mtihani. Walikuja Wakenya, Wakongo na Wazulu wachache, na katika hao wote Nyanchama alikuwa na mmoja aliyempenda kuzidi, ingawa hakuwahi kusema.

Msichana huyo aliitwa Agathe. Alitoka Kivu, alikuwa akisomea uhasibu, na Jumamosi alifanya kazi ya kupakia biskuti katika ghala moja la Mobeni. Hakuwa msemaji. Akimaliza kula alikusanya sahani za wote akaziosha, na ukimkataza alitabasamu akaendelea kuosha. Nyanchama alijizoeza kusimama kando yake na kitambaa, akifuta. Hapo kwenye karo ndipo alipoyajua mambo yake, kidogo kidogo, sahani moja baada ya nyingine.

Siku kijiji chao kilipochomwa, Agathe alikuwa mtoto wa shule ya msingi. Walikimbia usiku pamoja na mjomba wake Barthélemy. Walipofika mtoni mama yake akasema bibi amebaki nyuma, hawezi kutembea, naye anarudi kumchukua. Alimvua Agathe kitenge alichokuwa amejifunika, kwa sababu kilikuwa cheupe na kingeonekana, akamwambia, "Nitakukuta mbele." Hakuwakuta. Hakuonekana kambini, wala Uvira, wala Lusaka walikopita. Hakuna aliyesema amemwona amekufa. Hakuna aliyesema amemwona.

"Na matanga?" Nyanchama alimuuliza siku moja. Alishajua kwamba Wakongo huita msiba matanga, kwa kuwa alihudhuria mengi.

"Matanga ya nani, Mama?" Agathe alisema, akikwangua sufuria. "Haiko maiti, haiko habari. Ukifanya matanga, umesema amekufa. Mimi sijasema."

Nyanchama aliyasikia maneno hayo vizuri. Baadaye asingeweza kujitetea kwamba hakuyasikia.

Jumatano ilikuwa siku ya historia ya familia. Katika imani yao, mtu aliyekufa bila kubatizwa katika Kanisa ndugu yake aliye hai anaweza kubatizwa kwa niaba yake, ndani ya hekalu, na familia iliyotengwa na kifo ikafungwa pamoja tena. Kwa hiyo vijana walikaa mbele ya kompyuta wakaandika majina ya wazee wao, babu juu ya babu, kama mtu anayepanda ngazi. Jina likikubaliwa, mashine ilitoa kadi ndogo, ya waridi kwa mwanamke, ya buluu kwa mwanamume, nawe ukaibeba kadi yako mpaka hekaluni Umhlanga. Masharti yalikuwa mepesi. Mashine haikumtaka aliye hai. Ilitaka kujua kwamba amekufa, na ilitaka mwaka.

Agathe aliandika kwa furaha. Alimkumbuka babu, na baba yake babu, na bibi mmoja aliyekuwa mfinyanzi. Kwenye kisanduku cha mama aliandika Nabintu Espérance na mwaka wa kuzaliwa, halafu akaondoa mkono.

"Hii tunaiacha hivi," alisema.

Vijana walipoondoka, kisanduku kile kilibaki wazi kwenye kioo. Nyanchama alikaa mbele yake muda mrefu. Alimwaza binti yake mwenyewe, Kwamboka, aliyemfia kwa uzazi, akazikwa nyuma ya nyumba yao, mahali ambapo asubuhi akifungua dirisha la jikoni aliliona kaburi kabla ya kitu kingine chochote. Mwaka mzima alitembea kama mtu aliyebeba maji kichwani, akiogopa kugeuza shingo. Kisha akasafiri mpaka hekalu la Johannesburg na jina la Kwamboka mkononi, na alipotoka mlangoni alisikia mzigo umetuliwa. Hakuna kitu alichokijua kwa hakika duniani kuliko hicho. Akamtazama Agathe ndani ya mawazo yake, na sufuria zake, na shingo yake ngumu.

Akabonyeza: amefariki.

Mashine ikauliza mwaka. Bila mwaka kadi isingetoka. Nyanchama, ambaye kazini alijaza vitabu vya wodi maisha yake yote na hakuwahi kuandika dakika asiyoijua, aliandika mwaka kijiji kilipochomwa. Kadi ya waridi ikatoka kwenye printa, ya moto kidogo.

Crispus alikuwa akipanga viti. Alikuja akaisoma juu ya bega lake.

"Umemuuliza?"

"Zawadi haiulizwi."

"Hii si kitambaa cha kushona gauni, Nyanchama."

"Yule mtoto amechoka kubeba, Crispus. Wewe hujui. Mimi najua."

Crispus alinyamaza, naye akauchukua ukimya ule kuwa ni ndiyo.

Safari ya hekaluni ilikuwa wiki iliyofuata. Alikusudia kumpa Agathe kadi siku ya Ijumaa, baada ya chakula, wakiwa wawili kwenye karo. Alikuwa ameyapanga mpaka maneno. Lakini Ijumaa hiyo Agathe hakuja. Ghala lilikuwa limempa zamu ya ziada. Aliyekuja ni Prodige, mtoto wa mjomba wake, kijana mrefu mwenye maneno mengi, ambaye hakuwa wa Kanisa lao ila alisema tumbo lake lilishabatizwa.

"Mama, leo maharagwe iko na nyama?"

"Iko na kiazi."

"Eish. Ninaomba basi kiazi kinene."

Alipoaga, Nyanchama alimpa bahasha. Alimwambia ni ya Agathe, amkabidhi mkononi, ni kitu cha hekaluni. Kwa nini hakungoja? Alijiuliza hilo baadaye mara nyingi. Alikuwa na furaha tu, furaha ya mtu aliyenunua kitu kizuri na hawezi kukificha mpaka sikukuu.

Prodige aliishi kwa baba yake, Barthélemy, huko Jacobs. Bahasha haikuwa imefungwa. Barthélemy aliiona mezani, akaona alama ya Kanisa, akaivuta kadi. Kiingereza chake kilikuwa cha dukani, lakini kadi haikuwa na maneno mengi. Ilikuwa na jina la dada yake. Ilikuwa na neno la kufa. Mbele ya neno hilo palikuwa na mwaka, umechapwa, wino mweusi, kama kitu kilichotoka serikalini.

Jumamosi mchana Nyanchama alikuwa akipiga pasi mashati ya Crispus simu ilipolia. Ni Agathe. Nyuma ya sauti yake mitambo ya ghala ilikuwa ikinguruma.

"Mama, ni mimi. Watu wananipigia simu tangu asubuhi. Wananiambia pole. Tonton Barthélemy anasema Kanisa yenu imepata habari." Sauti yake ilikuwa juu na nyembamba, si sauti aliyoizoea Nyanchama. "Mama, mumepata wapi? Nani alimuona?"

Nyanchama aliiweka pasi chini.

"Walimzika wapi? Niambie tu kama walimzika. Siogopi, Mama. Niambie."

"Agathe. Mwanangu. Hakuna habari."

"Lakini iko mwaka. Tonton alinisomea mwaka."

"Mwaka niliuandika mimi."

Mitambo ilinguruma. Mtu mmoja alipiga mluzi mbali.

"Wewe?"

"Ili kadi itoke. Nilifikiri..." Aliyatafuta yale maneno aliyoyapanga, hakuona hata moja.

"Tangu asubuhi nimemlilia," Agathe alisema taratibu. "Ndani ya choo. Mama, mimi nimemlilia mama yangu kama mtu aliyekufa."

Simu ikakatika. Crispus alikuwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi. Harufu ya kuungua ilianza kupanda kutoka kwenye shati lake, naye akapita akaichomoa pasi ukutani.

Kwenye roboti ya kuingia Jacobs, kama wanavyoziita huku taa za barabarani, nyekundu ikiwaka, Crispus alisema akitazama mbele, "Nitasema mimi. Nitasema ilikuwa sisi wote wawili."

"Haikuwa sisi wote wawili."

"Nilikaa kimya. Hiyo nayo ni kitu."

"Basi kaa kimya tena," Nyanchama alisema, na mara ile akajuta, akaushika mkono wake uliokuwa kwenye gia. Taa ikawa kijani.

Nyumba ya Barthélemy ilikuwa nyuma ya kiwanda cha rangi, mahali ambapo hewa huwasha koo. Waliiona kabla ya kufika, kwa sababu ya turubai. Lilikuwa limefungwa kutoka ukutani hadi kwenye uzio, na chini yake wanaume walikaa kwenye viti vya plastiki, wengine na suti za kazini, wengine wametoka Pinetown na hata Pietermaritzburg. Beseni la michango lilikuwa kwenye stuli. Spika ilikuwa ikiimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya chini.

Barthélemy alikuja mbio akawakumbatia wote wawili. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Ba-missionnaires! Mungu awabariki. Wakubwa wa dunia hii wote walishindwa, Croix-Rouge, ile ya Msalaba Mwekundu, ilishindwa, nyinyi mumepata." Alimshika Nyanchama mkono kwa mikono yake yote. "Dada yangu alikufa mwaka ule ule, kumbe. Hakuteseka miaka. Mimi nilifikiria miaka yote labda iko mahali anateseka. Asante, Mama. Asante."

"Baba Prodige," Nyanchama alisema, "naomba kusema na wewe."

"Utasema ndani. Ingia useme na wamama. Wanataka kukusikia."

Akaongozwa ndani. Viti vyote vilikuwa vimetolewa sebuleni. Wanawake walikaa chini kwenye mikeka, migongo ukutani. Mbele ya dirisha palikuwa na meza yenye kitambaa cheupe, mshumaa, na picha. Picha ilikuwa imekuzwa dukani kwa Léonce wa simu, kutoka picha ndogo ya zamani, na uso ulikuwa umepoteza ukali wake, lakini paji lilikuwa la Agathe kabisa. Chini yake, kwenye ukanda mweupe, Léonce alikuwa amechapa jina, mwaka wa kuzaliwa, kistari, na mwaka ule.

Nyanchama aliutazama. Kwenye kadi ndogo ulikuwa tarakimu nne tu. Hapa ulikuwa mkubwa kama kibao cha duka.

Mke wa Barthélemy, Mireille, aliinuka kumpokea. Mireille alikuwa msusi, na katika mtaa mzima hakuna aliyejua kujipamba kama yeye. Sasa kitambaa chake kilikuwa kimeteleza, na chini yake kichwa kilikuwa kimenyolewa, cheupe cheupe, kina mkwaruzo mdogo wa wembe juu ya sikio.

"Karibu, Mama. Kaa. Tuelezee."

Nyanchama hakukaa. Crispus alikuwa amesimama nyuma yake, kofia mkononi.

"Hakuna habari," alisema. Ilibidi arudie kwa sauti. "Hakuna mtu aliyetuletea habari ya Nabintu. Kanisa halijui. Mimi nilikuwa namsaidia Agathe kuandika jamaa zake. Mashine ilitaka mwaka ili itoe kadi. Nikaandika mwaka. Niliutoa kichwani mwangu. Agathe hakunituma. Hakujua."

Nje, wimbo uliisha ukaanza mwingine.

"Kwa hiyo," alisema mama mmoja mzee aliyeitwa Goreth, aliyekaa pembeni na miguu imenyooshwa, "hata wewe haujue."

"Sijui, Mama."

"Kama sisi."

"Kama nyinyi."

Mireille alikuwa bado amesimama. Alipandisha mkono polepole akagusa kichwa chake, kama anayetafuta kitu alichokiweka hapo.

"Mimi nilikata nywele zangu," alisema. "Unasikia? Alfajiri ya leo. Nilikata nywele zangu kwa sababu ya mwaka wa kichwa chako?"

"Ndiyo."

"Na unaniambia ndiyo!"

"Nikuambie nini, mama yangu? Ndiyo."

Mwanamke mmoja alicheka, kicheko kibaya kisicho na furaha, mwingine akamzomea anyamaze. Kelele zikaanza kupanda. Mmoja akasema michango irudishwe, mwingine akauliza itarudishwaje wakati mchele umeshanunuliwa. Mmoja akasema hawa watu wa Kanisa hili wanapenda wafu kuliko walio hai, sijui wanawapeleka wapi. Nyanchama alisimama, yakamwagikia yote.

Kelele hizo zilikatika zenyewe, kwa sababu Agathe alikuwa ameingia.

Alikuwa na koti la ghalani na kofia ya wavu kichwani, unga wa biskuti kwenye mikono. Wawili watatu ambao hawakuelewa vizuri yaliyosemwa waliinuka wakamrukia, wakipiga mayowe, wakimwita yatima. Hakuwakumbatia wala hakuwasukuma. Alisimama katikati yao kama nguzo mpaka wakamwachia.

Barthélemy aliingia nyuma yake. Kuna mtu alishamwambia. Alikuwa amevua miwani.

"Tonton," Agathe alisema. "Umesikia."

"Nimesikia."

"Basi waambie watu waende nyumbani."

Barthélemy alitazama mikeka, mshumaa, picha. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, dereva wa lori, lakini alipoanza kusema midomo yake ilimshinda, ikabidi aanze tena.

"Mimi nilimuona akirudi nyuma," alisema. "Ningeweza kumshika mkono. Nilikuwa karibu namna hii. Miaka yote sijamlilia dada yangu, Agathe. Nani angeniambia nilie? Jana jioni karatasi imeniambia. Nimelia mpaka nikalala kama mtoto. Nimelala! Ulishaniona mimi nikilala?" Alijipangusa uso kwa mkono wazi. "Karatasi ni ya uongo, sawa. Lakini machozi haikuwa ya uongo. Musinirudishe kule. Ninawaomba."

Nyanchama aliona Goreth ameinamisha kichwa, na yule aliyecheka naye ameinamisha, na akaelewa kwamba karibu kila mmoja pale alikuwa na mtu wake aliyerudi nyuma, asiye na mwaka, na kwamba tangu asubuhi walikuwa wakimlilia huyo ndani ya jina la Nabintu.

Agathe alimtazama mjomba wake kwa muda. Kisha akaenda mezani, akapinda magoti, akaipandisha picha karibu na uso wake. Nyanchama alifikiri ataichana. Lakini Agathe aliukunja ule ukanda mweupe wa chini kwa kucha, akaurudia, akaukunja vizuri kama mtu anayekata karatasi bila mkasi, akaubandua. Jina likatoka pamoja na miaka yake yote miwili. Picha ikabaki uso mtupu. Akairudisha nyuma ya mshumaa.

"Ulie, Tonton," alisema. "Sikukatazi. Wote mulie. Lakini musiandike."

Barthélemy alikaa chini, pale pale, katikati ya wanawake, jambo ambalo mwanamume hafanyi. Mireille akakaa kando yake. Mmoja akaanza wimbo, wengine wakaupokea.

Agathe aligeuka akamjia Nyanchama. Kwa karibu, macho yake yalikuwa makavu na mekundu. Alimpa ule ukanda wa karatasi.

"Hii ni yako, Mama."

Nyanchama aliupokea. Alitaka kusema samahani, lakini neno lilikuwa dogo mno, akaona haya kulitoa mbele ya watu.

"Tukupeleke nyumbani," Crispus alisema.

"Ninarudi kazini, Baba. Supervisor alinipa siku za msiba." Alivuta kofia ya wavu ikae sawa. "Haiko msiba. Ninamrudishia siku zake."

"Basi tukupeleke kazini."

"Nitapanda taxi."

Wakamwona akivuka barabara, akapita ukuta wa kiwanda, hakugeuka. Garini Crispus aliweka ufunguo lakini hakuwasha. Nyimbo ziliwafikia pale walipokuwa. Nyanchama alilia bila sauti, na Crispus hakumwambia anyamaze.

Jumamosi iliyofuata vijana walikwenda hekaluni kwa basi dogo, Jebet akiimba njia nzima. Nyanchama alikaa kwenye bustani ya hekalu na mikono mapajani. Ilikuwa siku nzuri, anga safi. Kadi ya waridi alikuwa ameichana mwenyewe. Alijaribu kumwambia Mungu jambo, na kila alipoanza aliisikia mitambo ya ghala.

Agathe alikuja Jumatano, darasa lilipokwisha na wenzake wameshaondoka. Hakukaa.

"Bado iko kwenye mashine?" aliuliza.

"Bado. Nilitaka kuifuta siku ile ile. Crispus akasema nikungoje. Safari hii nikuulize kwanza."

"Futa. Mimi ninaangalia."

Nyanchama aliiwasha kompyuta. Ilichukua muda kuamka. Ngazi ya familia ikatokea: babu, baba yake babu, yule bibi mfinyanzi. Akafika kwenye kisanduku cha Nabintu Espérance. Akaufuta mwaka. Akaondoa amefariki, akarudisha hai. Mashine haikukubali mara moja. Ilifungua kidirisha kidogo ikataka sababu ya kubadilisha.

Vidole vya Nyanchama vilisimama juu ya herufi.

"Inataka sababu," alisema. "Niandike nini, mwanangu?"

Agathe aliinama karibu na kioo. Alinukia sukari, harufu ya ghala.

"Andika mtoto wake amekataa."

Nyanchama aliandika, herufi moja moja. Mtoto wake amekataa. Agathe alisoma kwa midomo bila sauti, akarudia kusoma kutoka mwanzo, halafu akanyoosha mkono akabonyeza yeye mwenyewe.

"Basi," alisema.

Akachukua mkoba wake. Crispus alikuwa ameacha kupanga viti, amekaa kwenye kimoja, anatazama viatu vyake. Agathe alipompita alisimama akampa mkono huku akipiga goti kidogo, kama anavyosalimiwa mkubwa, na Crispus akaushika akakawia kuuachia. Nyanchama alingoja zamu yake. Agathe alimtazama kutoka mlangoni, si kwa hasira. Alimtazama kama mtu anavyoitazama nyumba aliyowahi kuishi.

"Usiku mwema, Mama," alisema, na nyayo zake zikasikika zikishuka ngazi, bila haraka, mpaka chini.